Jibu: Kwa nini gari lililotunzwa halipati bei yake

Ndugu, umeuliza kwa nini gari lako ulilolitunza linapewa bei ya kutupa pale Ngong Road, Nairobi. Shida si gari. Mnunuzi hajui unachokijua wewe: kama injini imewahi kufunguliwa, kama mita imerudishwa nyuma, kama rangi mpya inaficha ajali. Basi anajilinda. Tuseme gari zima ni laki 8 na bovu laki 4. Asiyeweza kuyatofautisha atatoa bei ya katikati, laki 6. Mwenye zima anakataa, mwenye bovu anakubali mbio. Wanunuzi wakigundua yaliyobaki ni mabovu, bei inashuka tena, na wenye magari mazuri wanazidi kujitoa. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970, na mwaka 2001 akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Inauma, maana muuzaji mwaminifu ndiye anayeumizwa na uongo wa wengine.

Ili mnunuzi akuamini, mwambie aje na fundi wake mwenyewe, si wako. Mwonyeshe risiti za sevisi. Ukiweza, andikianeni kwamba injini ikifa ndani ya mwezi mmoja utagharamia wewe. Mwenye gari bovu hathubutu kuahidi hivyo.