Kutoka kaunta ya duka hadi mauzo ya mifumo
Dada, umeuliza kama miaka miwili ya kuuza laptopu dukani Kampala inatosha kukuingiza kwenye mauzo ya mifumo ya kompyuta kwa benki na wizara, ilhali huna digrii ya kompyuta. Inatosha kuanzia. Omba nafasi ya msaidizi wa mauzo, yule anayeandaa bei na nyaraka za zabuni. Kazi hujifunzwa hapo.

Anza na hesabu, teknolojia itafuata. Leseni nyingi za programu hununuliwa kwa dola, mteja analipa kwa shilingi. Bei uliyoitoa bila ukomo wa muda, tuseme siku 14, italiwa faida yote dola ikipanda. VAT ya asilimia 18 iandike mstari wake. Na taasisi zilizoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hukata kodi ya zuio ya asilimia 6, yaani kodi ya mapato ya kampuni yenu inayokatwa mapema, malipo yakizidi shilingi milioni 1. Si hasara, ila dai cheti chake, la sivyo mhasibu wenu atakuandama. Ankara itoke EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki.

Kwenye mkataba, tafuta kwanza kamisheni inalipwa lini. Ikiwa ni mpaka mteja alipe, zabuni moja ya serikali yaweza kukuweka miezi mikavu. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, lakini dili ulizofungua ziandikwe kuwa zako hata ukiwa likizoni. Bila hivyo, atakayekushikia nafasi ndiye atakayevuna.

Mteja aking'ang'ania kujadili bei jioni hotelini, nenda na fundi wenu.