Masomo ya daktari wa mifugo yaanzie kwenye kesi uliyoiona leo

Mwaka wangu wa pili kazini nilipoteza mtamba wa bibi mmoja kule Muheza, na mpaka leo nikipita ile njia ya kwake namkumbuka. Alikuwa chotara wa Friesian, mimba miezi saba, bibi ameshanunua hadi ndoo ya kukamulia. Nilimkuta joto 40.8, hataki kula, kasimama kainamisha kichwa, macho yanatoa machozi. Wiki ile nilikuwa nimetibu ndigana baridi, ugonjwa wa kupe unaoshambulia damu, tatu mfululizo, kwa hiyo nilipomuona tu nikajua na hii ni ileile, nikachoma antibiotiki ya oxitetrasaiklini, keshokutwa nikarudi nikachoma tena, joto halishuki, siku ya nne alfajiri bibi ananipigia simu povu jeupe linamtoka puani, nafika amelala upande, ameshaenda.

Bibi hakunilaumu. Akasema "mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa" akanipa chai, na ile chai nilishindwa kuimaliza.

Jioni nikamfuata mzee mmoja aliyestaafu udaktari wa wilaya, nikamsimulia yote. Akanisikiliza hadi mwisho halafu akauliza swali moja: "Tezi za chini ya sikio ulizishika?" Sikuzishika. Wala za mbele ya bega sikuzishika. Ile ilikuwa ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe, huu unavimbisha tezi, na povu puani ni mapafu yaliyojaa maji, kitu ambacho nilikisoma Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro nikakifanyia mtihani nikafaulu vizuri kabisa. Ndo nikaelewa kwamba kufaulu na kujua wakati uko zizini saa kumi na mbili jioni na mvua inanyesha ni vitu viwili.

Naandika hii kwa ajili ya madaktari vijana na maafisa mifugo mlioko vijijini, mnaouliza kila siku mjiendeleze vipi wakati semina ziko mbali na hela hakuna. Ushauri wangu ni mmoja: soma kuhusu mnyama uliyemgusa leo, usiku wa leo leo. Mengine yote nitakayoyataja hapa chini yanafanya kazi ukishakuwa na tabia hiyo.

Mzee yule kesho yake alinifundisha kitu ambacho kimenisaidia kuliko semina yoyote niliyowahi kukaa. Unashika tezi iliyovimba kwa vidole viwili isiteleze, unachoma sindano, unavuta kidogo tu, kile kitone unakipuliza kwenye kioo cha hadubini unakitandaza kiwe chembamba, unakiacha kikauke hewani, unakichovya kwenye methanoli, halafu rangi ya Giemsa kama nusu saa. Ukiangalia kwa lenzi ya 100 na tone la mafuta, kama ni ndigana kali utaona ndani ya seli nyeupe vimadoa vimejikusanya, bluu na zambarau, ukishaviona mara moja huvisahau. Ndigana baridi ni habari nyingine, ile unaitafuta kwenye damu, kidoa cheusi kimekaa pembeni kabisa ya seli nyekundu, na ng'ombe ukimfunua ufizi na kope unakuta amepauka. Magonjwa yote mawili yanaletwa na kupe na yote yana homa, lakini dawa yake siyo moja.

Na hapa ndo kusoma usiku kulinifungua macho. Nilikuwa najua chanjo ya ndigana kali inatolewa pamoja na oxitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyohiyo, unampa vimelea hai na dawa ya kuwatuliza, mnyama anapata kinga bila kuugua sana. Kumbe sababu yake ni kwamba dawa ile inawabana vimelea wakiwa ndo kwanza wanaingia, homa ikishapanda na tezi zikishavimba imechelewa, unahitaji buparvakwoni, dawa inayoua vimelea vyenyewe vya ndigana kali. Yaani nilichomchoma yule mtamba hakikuwa na nafasi ya kumponya tangu siku ya kwanza. Hilo sikulijua kwa kukariri dozi, nililijua kwa kusoma inavyofanya kazi.

Dozi nayo tuiongelee. Buparvakwoni ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, kwenye msuli, na chupa nyingi zina miligramu 50 kwa mililita, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20. Wengi wetu tunakadiria uzito kwa macho halafu dawa ni ghali mfugaji analalamika tunapunguza kidogo, tunachoma 12, mnyama anapata nafuu siku mbili anarudi chini. Nunua utepe wa kupimia kifua unaokupa makadirio ya uzito, ni bei ndogo sana, na mwonyeshe mfugaji namba mwenyewe asome.

Sasa pa kusoma. Mimi naanzia MSD Veterinary Manual, ipo bure mtandaoni, Marekani inaitwa Merck, inatoka tangu 1955 na kila ugonjwa ina sababu, dalili, uchunguzi na tiba. Inafunguka kwenye simu ya kawaida bila kula bando sana. Kwa magonjwa ya kuripoti, mfano miguu na midomo, homa ya mapafu, sotoka ya mbuzi na kondoo, naenda kwenye mwongozo wa WOAH, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, nao bure, humo utapata sampuli gani ichukuliwe na isafirishwe vipi, kitu ambacho kitakuokoa aibu ya kupeleka maabara damu iliyooza. IVIS, huduma ya kimataifa ya taarifa za tiba ya mifugo, nao wana vitabu na makala za mikutano bila malipo. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wana kozi za bure mtandaoni, na kama uko kwenye chuo au taasisi uliza maktaba kama wamejiunga na AGORA, mpango wa FAO ulioanza 2003 unaofungua majarida ambayo ukienda mwenyewe unaombwa dola. Kwa kichaa cha mbwa wale GARC, muungano wa dunia wa kudhibiti ugonjwa huo, wana kozi fupi za bure zenye cheti, za kuchanja na kumshika mnyama, nawashauri hata wasaidizi wenu wazifanye kabla ya kampeni ya chanjo ya Septemba.

Ila angalizo, vitabu vingi vimeandikwa kwa ng'ombe wa Ulaya na Marekani. Ukisoma homa kwa ng'ombe wa kule orodha itaanza na vitu ambavyo huku huvioni mwaka mzima, na kupe watakuwa mwishoni kabisa. Wewe igeuze orodha kulingana na bonde lako.

Makundi ya wasap ni msaada mkubwa na pia yanaua mifugo. Mtu anatuma picha ya ng'ombe kalala, hajaandika joto, hajaandika umri, hajasema kazaa lini, ndani ya dakika tano dawa sita zimeshatajwa. Kwenye kundi letu tulikubaliana hakuna kutaja dawa kabla aliyeuliza hajaandika joto, mapigo, hali ya tezi, rangi ya ufizi, na kama ni jike amezaa lini. Ng'ombe aliyelala siku ya pili baada ya kuzaa, masikio ya baridi, shingo kaikunja ubavuni, ni homa ya maziwa hadi ithibitike vingine, anahitaji kalisiamu kwenye mshipa polepole huku unasikiliza moyo, na kila saa mnayobishana kwenye kundi inamkandamiza misuli ya miguu.

Mikutano mikubwa pia nendeni mkipata nafasi, chama chetu cha madaktari wa mifugo Tanzania, TVA, kina mkutano wa kisayansi kila mwaka, na wenzetu Kenya lazima wakusanye pointi za mafunzo ndo bodi yao iwahuishe leseni. Mimi naona pointi ni nzuri ila usiende kwa ajili ya pointi. Nenda na kesi yako moja iliyokushinda, imeandikwa kwenye karatasi, mtafute mtu mmoja pale wakati wa chai muijadili.

Na mnyama akifa, omba ruhusa umpasue. Mfugaji akiona ini na mapafu kwa macho yake anakuelewa kuliko maneno. Isipokuwa amekufa ghafla na damu isiyoganda inatoka puani au mkunduni, huyo USIMPASUE, huo unaweza kuwa kimeta, chukua damu kidogo ya sikio kwa ajili ya kioo ukiwa na glovu, toa taarifa, azikwe kwa kina au achomwe, na watu wasigawane nyama hata wakikuzonga.

Hadubini yenyewe tulichanga watu watatu, ya mtumba, ya kioo cha kuakisi mwanga wa jua kwa hiyo hata umeme ukikatika inafanya kazi. Inakaa kwangu, na wenzangu wana ufunguo. Pembeni yake kuna daftari, kila kioo kinaandikwa tarehe, kijiji, joto, tulichodhani ni nini kabla ya kuangalia, na tulichokiona. Ile safu ya tulichodhani nawaombeni msiiruke. Mwaka jana bibi wa Muheza alipata mtamba mwingine wa mkopo, akaugua, akanipigia mimi. Kwenye daftari niliandika tumedhani ndigana kali, tezi ya sikio la kushoto imevimba kama limao, uzito 310, mililita 15.5, na chini yake siku ya tano: anakula.