Kwa nini gari la wagonjwa lipite hospitali ya karibu?

Dada, umeuliza kwa nini majeruhi wa bodaboda avushwe hospitali ya Muheza apelekwe Bombo, hospitali ya rufaa mjini Tanga. Ukaribu pekee hautoshi. Mhudumu anatazama pumzi, fahamu na mapigo, anapima presha. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, au mtu ukimwita haitikii, huyo anahitaji daktari wa upasuaji na damu tayari, hivyo hospitali ya rufaa hutangulia. Ila njia ya hewa ikiziba na mhudumu akashindwa kuifungua, anaingia popote palipo karibu, asaidiwe kupumua kwanza, kuhamishwa baadaye. Na wanakokwenda wapigiwe simu mapema, jamani! Kavunjika mkono tu? Muheza panatosha.