Umemaliza chuo na unataka kutembea Alps? Fikiria magoti kabla ya mapafu

Kila ikifika Juni napata ujumbe kutoka kwa wadogo zangu wanaosoma Ujerumani na Ufaransa. Tasnifu wameshakabidhi, chumba cha hosteli wanakirudisha, zimebaki wiki chache kabla ya kuanza kazi au kurudi nyumbani, na wanataka kwenda milimani. Nawajibu wote kwa furaha. Mimi mwenyewe nilizunguka kwa miguu Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, majira ya joto niliyomaliza shahada ya uzamili, na sijawahi kujipa zawadi bora kuliko ile.

Swali lao la kwanza huwa ni lile lile: vipi kuhusu hewa? Sisi tumekulia kwenye habari za Kilimanjaro, kwa hiyo mtu akisikia mlima anawaza kichwa kuuma na pumzi kukata. Alps kwa mtembeaji ni habari nyingine. Tour du Mont Blanc ni njia ya takriban kilomita 170 inayopita Ufaransa, Italia na Uswisi, na hata sehemu zake za juu kabisa hazifiki mita 2,700. Kilele chenyewe, chenye mita zaidi ya 4,800, ni cha wenye kamba na vyuma vya kukanyagia barafu. Wewe unakizunguka tu.

Kazi iko miguuni. Ukimaliza mzunguko wote utakuwa umepanda jumla ya kama mita 10,000, na zote utakuwa umezishuka. Asubuhi unakwea mpaka kwenye upenyo kati ya vilele, ambao ramani huuita "col", mchana unateremka bondeni, kesho unaanza upya. Kule kwetu unapanda siku kadhaa huku wapagazi wamebeba mizigo na kiongozi yuko mbele, kwa sababu ni lazima uwe naye. Huku hakuna anayekulazimisha kuwa na kiongozi, na begi ni lako kutoka mlango hadi mlango. Ndiyo maana nasema ukifanya mazoezi, fanya ya kushuka. Tafuta ngazi za ghorofa ndefu au kilima chochote, vaa begi lenye uzito, ushuke taratibu, wiki nyingi kabla ya safari.

Kuhusu uzito wa begi sina mjadala: kilo 8 pamoja na maji, basi. Hilo linawezekana kwa sababu njia nzima ina nyumba za wageni za mlimani zenye magodoro, mablanketi na chakula cha moto. Huhitaji hema wala sufuria. Beba shuka jepesi la kulalia la kushonwa kama mfuko, koti la mvua la kweli, sweta ya joto, kofia, na soksi za sufu. Laptop na suti ya mahafali waachie rafiki. Halafu nunua au azima fimbo mbili za kutembelea. Najua vijana huziona za wazee. Subiri uufikie mteremko wa kutoka Col Chécrouit kwenda Courmayeur, mji wa upande wa Italia: njia inajipinda msituni, vumbi na mizizi, kila hatua goti linapokea uzito wako na wa begi. Niliwaona watu wenye miili ya riadha wakiteremka kinyumenyume pale. Kuna gari la kebo linaloshuka hadi Dolonne, kando ya Courmayeur, na magoti yakikataa, panda bila aibu yoyote.

Jambo la pili ni saa. Vibao vya njiani havikuandikii kilomita, vinakuandikia muda: saa mbili na nusu, saa nne. Muda huo ni wa kutembea tu, hauna mapumziko wala picha, kwa hiyo mimi huongeza theluthi. Ukiingia Uswisi soma pia rangi: vibao vya njano ni njia za kawaida, alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia za mlimani, na nyeupe-bluu-nyeupe waachie wenye uzoefu wa miamba na barafu.

Ondoka mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana. Julai na Agosti joto la mchana hupandisha mawingu, na radi hupenda kuja alasiri. Lengo ni kuvuka sehemu ya juu kabla ya saa sita na kuwa unateremka wingu linapoanza kuwa jeusi. Jioni waulize wenyeji wa nyumba utabiri wa kesho. Wengi huubandika ukutani. Radi ikikukuta juu, toka kwenye ukingo, achana na ngazi na minyororo ya chuma, weka fimbo mbali nawe, usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Kalia begi ukiwa umejikunyata, miguu imebanana. Kuomba msaada, namba 112 inafanya kazi nchi zote tatu. Simu isipopata mtandao, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Bima usiipuuze. Ile ya viza inaweza kukulipia hospitali na isikulipie helikopta ya kukutoa mlimani, na Uswisi bili hiyo inaweza kukufuata mwenyewe. Uliza kwa maandishi. Uanachama wa vilabu vya milima vya Ulaya mara nyingi huja na bima ya uokoaji, pamoja na punguzo la malazi katika nyumba za vilabu. Na wewe uliyemaliza chuo, angalia tarehe ya kibali chako cha ukaazi kabla ya tarehe ya mlima. Nchi zote tatu ziko Schengen na kule juu Col de la Seigne unaingia Italia bila kuona ofisi ya uhamiaji, ila pasipoti itembee nawe. Simu nayo: Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo kifurushi chako cha Ujerumani huenda kisifike huko. Zima data kabla ya kuvuka, na ramani uwe umeshaipakua.

Utakutana na mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo. Huwa wanakuja wakibweka, na mtu hutamani kukimbia. Simama. Shusha fimbo, ongea naye kwa upole, mwache anuse, kisha lizunguke kundi kwa mbali. Usipite katikati ya kondoo hata kama njia imepita hapo.

Chakula cha nyumba za mlimani ni kimoja kwa wote, jioni kwenye meza ndefu. Kama huli nguruwe, sema siku unapoweka nafasi, siyo sahani ikiwa mezani. Upande wa Italia watakupa polenta, ugali wa njano uliokorogewa jibini, na baada ya siku ndefu utauheshimu. Tenga kama euro 70 hadi 90 kwa usiku pamoja na chakula, na uwe na noti mkononi. Bomba la kijijini likiandikwa "non potable" au "non potabile", usinywe.

Nyumba nyingi hufunguliwa katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, lakini mwanzoni theluji bado huziba njia za juu. Mimi napendekeza kuanzia katikati ya Julai. Wiki ya mwisho ya Agosti iepuke: Chamonix, mji wa upande wa Ufaransa, hujaa wakimbiaji wa UTMB, mashindano ya mbio za kuuzunguka mlima huu, na vitanda huwa vya shida.

Kama muda au fedha havitoshi mzunguko mzima, usilazimishe. Chukua basi kutoka Chamonix lipite ndani ya handaki la Mont Blanc hadi Courmayeur, tembea kupitia Rifugio Bertone na Rifugio Bonatti ("rifugio" ni nyumba ya mlimani kwa Kiitaliano), vuka Grand Col Ferret yenye mita 2,537, ushuke La Fouly upande wa Uswisi. Kutoka hapo kuna basi la Orsières na treni ya Martigny. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu unatembea ubavuni mwa bonde huku ukuta wa mlima Grandes Jorasses na barafu zake uko mbele yako saa baada ya saa. Nafasi ya kwanza kuweka iwe Bonatti, maana hujaa miezi mingi kabla. Ukishaipata tarehe hiyo, zile nyingine zipange kuizunguka.