Testi inaposema 3:30 PM si sawa na 3:30 PM

Testi ni msimbo mdogo unaopima kama programu inafanya inavyotakiwa, na ujumbe wa testi iliyofeli hupitia mikono miwili. Kuna msimbo unaolinganisha thamani, na kuna msimbo mwingine unaozigeuza thamani hizo ziwe maandishi ili uzisome. Wa kwanza hukosea mara chache sana. Wa pili hupoteza taarifa kila siku. Ndiyo maana nikiona testi imefeli huku pande zote mbili zikifanana kama pacha, sihangaiki na ulinganisho. Nashuku maandishi.

Tulipohamisha mfumo mmoja wa risiti kutoka Java 17 kwenda 21, testi zote za saa zilianza kulia hivi:

`expected:<3:30[ ]PM> but was:<3:30[ ]PM>`

Mtu akadai JUnit, zana ya kuendesha testi za Java, imeharibika. La hasha. Yale mabano ya mraba si pambo: JUnit 4 huyaweka pale hasa ambapo maneno mawili yanatofautiana. Ilikuwa inatuonyesha kwa kidole kwamba shida iko kwenye nafasi kabla ya PM. Jambo la kufanya hapo ni kuchapisha namba ya kila herufi, maana macho hayatakusaidia:

`s.codePoints().forEach(c -> System.out.println(Integer.toHexString(c)));`

Upande mmoja ulitoa `20`, nafasi ya kawaida. Mwingine ulitoa `202f`, nafasi nyembamba isiyoruhusu mstari kukatika. Chanzo chake ni JDK 20 (kifurushi cha Java toleo la 20), iliyotoka Machi 2023 ikiwa na toleo la 42 la CLDR, hazina ya data za lugha na nchi. Humo herufi hiyo iliwekwa kabla ya AM na PM za Kiingereza. Wanaotumia Python kazi yao ni nyepesi zaidi, kwani `ascii(s)` huifichua papo hapo.

Kishawishi ni kuibandika herufi mpya ndani ya testi na kwenda kunywa chai. Sikushauri. Data hizo zitabadilika tena, na aliyekuja baada yako ataona mistari miwili inayofanana asijue aguse wapi. Ikiwa saa hiyo inasomwa na programu nyingine, andika muundo wako mwenyewe, `DateTimeFormatter.ofPattern("h:mm a", Locale.US)`, ili nafasi iwe ile uliyoichapa wewe. Ikiwa inasomwa na mteja tu, pima saa yenyewe, si jinsi inavyochorwa.

Wakati mwingine kinachofichika ni aina ya thamani. JUnit 4 hapa inajitahidi: `expected: java.lang.Long<1> but was: java.lang.Integer<1>`. Soma majina ya klasi, achana na hizo `1` mbili. Kwenye Jest, zana ya testi za JavaScript, `toBe` hutumia `Object.is`, inayouliza kama ni kitu kilekile kimoja, kwa hiyo vitu viwili vyenye yaliyomo sawasawa bado vitafeli, nayo itakwambia `serializes to the same string`, yaani vikiandikwa vinatoa maandishi yaleyale. Ukikuta maneno hayo, karibu kila mara ulihitaji `toEqual` au `toStrictEqual`, zinazolinganisha yaliyomo.

Mpangilio wa hoja, yaani zile thamani mbili unazozipeleka kulinganishwa, nao ni mtego, hasa kwa waliohama. JUnit hutanguliza kinachotarajiwa. TestNG, zana nyingine ya testi za Java, hutanguliza kilichopatikana. Zikigeuzwa, testi inafeli kihalali lakini ujumbe unakuelekeza kwenye msimbo usio na kosa. Badilisha thamani unayotarajia iwe kitu cha ajabu, 987654 kwa mfano, uendeshe tena, uone inatokea upande gani.

NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kwa ufupi: `assert_allclose` hulinganisha namba kwa kuruhusu tofauti ndogo, ila `atol`, tofauti ya kiasi maalumu, huanza na 0, na `rtol`, tofauti ya uwiano, huzidishwa na thamani inayotarajiwa. Ukitarajia sifuri, hata 1e-20 itakataliwa. Weka `atol` mwenyewe.

Halafu kuna ujumbe usiosema lolote: `AssertionError`, basi. Kwenye pytest, zana ya testi za Python, hii hutokea sana ukihamishia `assert`, mstari unaolinganisha, kwenye faili la fanksheni saidizi. Ili kuonyesha thamani zilizolinganishwa, pytest huandika upya `assert` za mafaili ya testi, za `conftest.py` (faili lake la mipangilio) na za programu-jalizi zake. Moduli nyingine inaziacha zilivyo. Ongeza `pytest.register_assert_rewrite("saidizi")` juu kabisa ya `conftest.py`, kabla moduli hiyo haijaingizwa popote. Ukitanguliza `import`, pytest itatoa onyo tu na `assert` zitabaki bubu.