Miaka Saba ya Kutengeneza Tovuti, Lakini Ujuzi Umesimama

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Mbarara. Kwa miaka saba nimetengeneza tovuti za shule na za vyama vya akiba na mikopo kwa kutumia PHP na JavaScript. Kazi sikosi, ila tangu mwaka wa tatu naona kila mradi unafanana na uliotangulia. Je, nijifunze lugha nyingine ya programu?

JIBU: Ndugu msomaji, kujifunza lugha nyingine si vibaya, lakini sidhani kama ndiko kutakakokukwamua. Hizo mbili unazotumia zilitoka mwaka 1995 na hadi leo zinaendesha sehemu kubwa ya wavuti. Ninachohisi ni kwamba umezoea kuitegemea fremuweki, yaani kiunzi cha programu kilichoandikwa tayari na wengine, nacho kinakufichia mambo ambayo mtu wa miaka saba anapaswa kuyajua kwa kuyaona mwenyewe.

Chukua tovuti uliyoikabidhi zamani, uchague ukurasa mmoja, kisha urekodi kila ulizo, yaani ombi la data, linalokwenda kwenye hifadhidata ukurasa huo unapofunguliwa. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kwenye orodha ya wanachama 400 niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nilikuta maulizo 401: moja la kuleta majina, na mengine 400 ya kuleta salio la kila mwanachama peke yake. Kila moja likichukua milisekunde 5, mtu anasubiri sekunde mbili nzima kabla hajaona chochote. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimejaribu kwa wanachama kumi tu, ndiyo maana sikugundua. Ulizo moja linalounganisha majedwali mawili lilitosha. Baada ya hapo jifunze amri ya EXPLAIN, itakayokuonyesha kama hifadhidata inatumia faharasa (orodha ya kutafutia data haraka) au inapitia jedwali zima mstari kwa mstari.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni malipo. Mwanachama aliyeko kijijini analipa kwa pesa za simu, mtandao unakatika kabla jibu halijamfikia, naye anabonyeza tena. Je, programu yako inamkata mara mbili? Wengi huandika sharti la kuangalia kwanza kama malipo yameshaingia, lakini maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili huangalia, yote hukuta hapana kitu, na yote hupita. Dawa yake ni kuyapa malipo namba yake tangu fomu inapofunguliwa, na kuiagiza hifadhidata yenyewe isikubali namba hiyo mara mbili. Ombi la pili likija, lirudishiwe jibu la lile la kwanza. Usomapo kiwango cha HTTP (kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva) kilichotolewa mwaka 2022, hati iitwayo RFC 9110, utaona kwamba maombi ya aina ya PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) yakirudiwa yanatakiwa kuleta matokeo yaleyale, ilhali POST, inayotumika kutuma fomu kama hiyo ya malipo, haina ahadi hiyo. Hati hiyo ni ndefu na inachosha, lakini isome yote.

Tafuta pia mwenzako mmoja wa kukusomea msimbo bila kukuonea haya. Tovuti zako zifungue kwa simu ya bei nafuu, kwa bando lako mwenyewe, ukiwa mbali na mji. Mimi ningeanza na ukurasa wa malipo wiki hii hii, kwa kuwa fedha za wanachama zinapita hapo kila siku.