Gradienti ya mstari uliosimama wima: ni ziro ama haipo?

Swali: Habari mwalimu. Kijana wangu alipewa pointi (4, 1) na (4, 7) atafute gradienti na mahali mstari unakata y-aksisi. Akaandika gradienti ni 0 na mstari unakata kwa 4, akakosa zote mbili. Mimi hesabu niliacha kitambo, siwezi kumwelezea. Shida iko wapi? Mzazi, Umoja.

Jibu: Mzazi wangu, asante kwa kumfuatilia kijana. Hiyo ziro wanafunzi wengi sana huiandika, na kusema kweli kazi kubwa alikuwa ameshaifanya vizuri, juu gradienti ni tofauti ya y ugawanye kwa tofauti ya x, sasa 7 toa 1 ni 6, 4 toa 4 ni 0, akafika 6 gawanya kwa 0, hapo ndio akateleza. 0 gawanya kwa 6 ndio inatoa 0, na hiyo ni ya mstari uliolala kama y = 3. Ukigeuza haikubali. Mwulize hivi: kama 6 gawanya kwa 0 inatoa namba fulani, si basi hiyo namba mara 0 inafaa irudishe 6? Ajaribu yoyote anayotaka, hataipata.

Kuna watakaomwambia aandike infiniti. Asiandike, na sababu ni tamu akiifanya mwenyewe na kalkuleta. Aache (4, 1) hapo ilipo, ile pointi ya juu aisongeze kidogo tu kulia iwe (4.1, 7), gradienti inakuwa 60. Aifanye (4.01, 7), inakuwa 600, halafu (4.001, 7) inakuwa 6000. Sasa aje na upande wa kushoto, (3.99, 7), anapata -600, na (3.999, 7) anapata -6000. Yaani upande mmoja unapanda bila mwisho na ule mwingine unashuka bila mwisho, hakuna mahali zinakutana, kwa hivyo aandike tu kwamba gradienti haipo.

Na kama gradienti haipo, y = mx + c (m ni gradienti, c ni pale mstari unakata y-aksisi) haiwezi kutumika, m utaitoa wapi? Ikwesheni ni x = 4, basi, y iwe chochote.

Ile 4 yake ni ya x-aksisi, mstari unaikata kwa (4, 0). Y-aksisi haiguswi kabisa, juu huko x ni 0 na huu mstari x yake ni 4 kila mahali. Mfungulie ramani iliyo bapa, ikweta iwe x-aksisi na longitudo ya Greenwich iwe y-aksisi: longitudo 37 mashariki inapita karibu na Juja, inakata ikweta karibu na Nanyuki, na hata uifuate mpaka Ethiopia haisongei Greenwich hata kidogo. Mstari wa wima unaogusa y-aksisi ni x = 0 pekee, na huo ndio y-aksisi yenyewe.

Kitu kingine kitamsumbua mbele ni mistari inayokutana kwa digrii 90. Ile sheria kwamba m ya mstari mmoja mara m ya ule mwingine ni sawa na -1 hapa haifanyi kazi, kwa hivyo akiulizwa mstari unaokata y = 3 kwa digrii 90 ukipita (4, 7), asianze kutafuta m, achore grafu aone ni x = 4.